Karani Aliyeitaka Kompyuta Yake ya Zamani

Hii nimeletewa na jirani yangu kwenye simu, naye aliletewa na shemeji yake. Isome taratibu, kisha mpelekee yule wa ofisini kwenu ambaye kila asubuhi huanza kazi kwa kugombana na kompyuta.

Katika usharika mmoja wa milimani, huko juu ambako ukungu huingia hadi kanisani bila kubisha hodi, palikuwa na karani aitwaye Mzee Shemboza. Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandika barua zote za usharika kwa kompyuta. Ya pili ilikuwa kuwafunda vijana wanaotaka kufunga ndoa, maana alikuwa pia mzee wa kanisa, na mke wake alimsifu mbele za watu, jambo ambalo si kila mzee wa kanisa hulipata.

Mafundisho yake yalikuwa marefu, lakini watu walishika neno moja tu. Alizoea kumwambia bibi harusi, "Ukiingia jikoni kwa wakwe zako, usiseme 'kwetu hatufanyi hivi.' Sema, 'Mama, chumvi iko wapi?' Ukishaonyeshwa chumvi, utaonyeshwa na mengine."

Neno hilo lilienea mpaka watoto wakawa wanamwamkia, "Shikamoo Mzee Chumvi!" Naye aliitikia marahaba bila kinyongo.

Kompyuta yake aliizoea kama mtu anavyozoea ngazi za nyumbani kwake. Mkono ulijua kitufe cha kuanzia kiko pembeni chini, barua za ubatizo ziko kushoto, za ndoa ziko chini yake. Ilikuwa nzito, hilo hakulikana. Ukiigusa asubuhi, unaweza kunywa chai ukamaliza kabla haijakujibu. Lakini ilikuwa yake.

Basi dayosisi ikaagiza kompyuta zote ziwekewe mfumo mpya, kwa kuwa ule wa zamani umechakaa na virusi vimeota mizizi ndani yake. Fundi aliyepewa kazi hiyo aliitwa Mhando. Jumapili, baada ya ibada, Mzee Shemboza akakipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu yake, kama watu wanavyompiga picha anayesafiri safari ya mbali. Jumatatu fundi akaja, akaung'oa mfumo wa zamani, akaweka mpya.

Hapo ndipo amani ilipomtoka mzee.

Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehamia katikati. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda pembeni, na pembeni kukafunguka habari za mvua katika miji asiyoijua na mchezaji mpira aliyevunjika mguu. Akafunga. Akajaribu tena, mvua ile ile. Herufi zilikuwa nyembamba. Maneno aliyoyajua yalikuwa yamegeuka vipicha vidogo visivyosema kitu. Mara akiwa katikati ya sentensi, kompyuta ikajizima yenyewe, ikaandika kwamba inajiboresha na asiiguse.

"Inajiboresha kwa ruhusa ya nani?" aliuliza Mzee Shemboza, peke yake ofisini.

Siku ya pili hakutaka tena kuitazama. Kila aliyekuja kutaka barua aliambiwa, "Mfumo umeharibiwa. Njoo kesho." Akampigia fundi asubuhi, mchana na jioni. "Mhando mwanangu, nirudishie sura ya zamani. Sitaki kingine."

"Mzee, mpe muda huyu mpya, mtazoeana."

"Kwetu hatufanyi hivi," alijibu mzee, na wala hakujisikia alichokisema.

Sasa, miongoni mwa walioambiwa waje kesho alikuwamo msichana mmoja, Elifrida, mshonaji nguo, ambaye Mzee Shemboza alikuwa msimamizi wake wa ubatizo. Ndoa yake ilikuwa ifungwe Jumamosi kwenye usharika wa bwana harusi, Amoni, kule bondeni Korogwe. Tangazo la ndoa lilikuwa limesomwa Jumapili tatu kanisani, na hakuna aliyepinga. Ilibaki barua ya kuthibitisha hivyo. Mchungaji wa Korogwe alikuwa amesema wazi: barua iwe mezani kwake Ijumaa kabla hajafunga ofisi, la sivyo hafungishi. Na Jumatano iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Kwaresima ikianza, katika sharika zile hakuna harusi mpaka Pasaka ipite.

Elifrida alikuwa amemwomba aiandike kwa mkono. Haikuwezekana. Dayosisi ilikuwa imepiga marufuku barua za mkono, tangu bwana mmoja alipojiandikia ya kwake kwa kalamu akaenda kuoa, ilhali mkewe wa kwanza yuko sokoni anauza vitunguu.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Mzee Shemboza alimwambia Alhamisi. "Kesho fundi anakuja. Nikishapata kompyuta yangu, barua yako ni kufumba na kufumbua."

Fundi Mhando alikuja kweli Ijumaa asubuhi. Alikuwa amechoka kupigiwa simu. Akaomba ile picha iliyo kwenye simu ya mzee, akakaa kidogo, akabofya hapa na pale, kisha akainuka.

"Tayari, mzee. Sura ya zamani hiyo hapo."

Mzee Shemboza akatazama. Macho yakamlegea kwa furaha. Kitufe kilikuwa pembeni chini. Barua za ubatizo zilikuwa kushoto, za ndoa chini yake. Hata saa ilikuwa pale pale kwenye kona, saa tano kasorobo.

"Huyu ndiye fundi!" akasema, akamwagizia soda na maandazi. Mhando akala, akashukuru, akaondoka upesi kuliko ilivyo desturi ya mtu aliyepewa maandazi.

Mzee akazima simu yake, kwa maana wenye kudai barua walikuwa wengi, naye alitaka kufanya kazi kwa utulivu. Akabofya barua za ndoa.

Hazikufunguka.

Akatabasamu. "Hata uzito wake ni ule ule," akasema. Akafanya kama alivyofanya miaka yote: akainuka, akachemsha maji, akanywa chai. Aliporudi, kioo kilikuwa kama alivyokiacha. Akabofya tena, akangoja tena. Kulikuwa na kiwingu cheusi katikati ya kioo, akakisugua kwa leso. Hakikutoka. Akasema ni vumbi la wiki nzima, akaenda kumwagilia maua ya Mchungaji, akarudi, akabofya.

Hakuwa na haraka. Saa ya ukutani ilikuwa imekwisha betri zamani, naye hakuona haja ya nyingine, kwa kuwa kompyuta ilimtosha. Na kompyuta ilisema bado ni saa tano kasorobo.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Elifrida, amesukwa nywele, hina mikononi, kitenge kimefungwa ovyo juu ya gauni. Nje ilisikika honi ya Kosta iliyokodiwa kuwapeleka Korogwe, na sauti za shangazi zake zikiimba.

"Shikamoo baba. Barua tayari?"

"Marahaba mwanangu. Inafunguka. Mbona mapema hivyo?"

"Mapema? Baba, imeshatimu saa nane. Dereva anasema tukichelewa zaidi tutamkuta mchungaji ameshafunga."

"Saa nane ya wapi? Tazama mwenyewe."

Elifrida akazunguka meza, akainama mbele ya kioo. Akatazama saa. Akatazama kile kiwingu cheusi. Akasogeza uso karibu zaidi.

"Baba," akasema polepole, "huyu si wewe?"

"Nani?"

"Huyu hapa katikati. Mwenye kofia. Ameshika simu."

Mzee Shemboza akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndani ya kioo, juu ya barua za ubatizo na za ndoa, alisimama mtu mwenye kofia ya pama, mkono mmoja umeinuliwa na simu. Kilikuwa kivuli chake mwenyewe, kilichoakisiwa siku ile ya Jumapili alipokuwa akiipiga picha kompyuta. Asubuhi nzima alikuwa akijisugua kwa leso.

Alielewa yote kwa mara moja. Fundi hakurudisha kitu. Alichukua ile picha akaitandika mbele ya mfumo mpya kama pazia. Saa ilikuwa ya Jumapili. Vitufe vilikuwa vya Jumapili. Alikuwa amekaa tangu asubuhi akibisha hodi kwenye picha ya mlango.

Aibu ikamshika, na baada ya aibu hofu. Akageukia dirishani.

"Mhando amenichezea! Nitamshitaki kwa Mchungaji! Mimi nilimwambia wazi, kwetu hatu..."

Akageuka. Elifrida alikuwa analia. Hakulia kwa sauti. Aliinua uso juu ili machozi yasiharibu wanja.

"Wali umeshaanza kupikwa, baba," akasema. "Ng'ombe ameshachinjwa. Mama yake Amoni amewaambia watu wote kwamba mkwe wake anatoka kwenye usharika wa Mzee Chumvi, kwa hiyo amefundwa. Nitaingiaje kwake bila ndoa?"

Akajifuta shavu kwa ncha ya kitenge.

"Naomba nikuulize, baba. Ungekuwa wewe ndiye bibi harusi, umeingizwa kwenye hili jiko," akaonyesha kompyuta kwa kidole chenye hina, "ungesema nini?"

Honi ikapigwa tena. Mzee Shemboza akaitazama ile mashine aliyoitukana wiki nzima. Kisha akavuta kiti, akakaa, akavua kofia.

"Ningesema," akajibu kwa sauti ndogo, "'Mama, chumvi iko wapi?'"

Akakishika kipanya. Safari hii hakukipeleka mahali alipopazoea. Alikisogeza taratibu kila upande, kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo vya watu. Kilipofika ukingoni chini, mstari wa vitufe ambao fundi aliuficha ukajitokeza wenyewe. Tangu Jumatatu alikuwa akiukwepa. Leo akausoma. Katikati palikuwa na kisanduku cheupe, na ndani yake neno moja: Tafuta.

"Inauliza natafuta nini," akasema, akishangaa.

"Iambie."

Akaandika kwa kidole kimoja: barua ya matangazo ya ndoa. Kabla hajafika mwisho wa maneno, barua zikajipanga mbele yake, za miaka yote, pamoja na ile tupu inayongoja majina. Hakuna hata moja iliyopotea. Zilikuwa mle tangu Jumatatu, na hakuna aliyeziulizia.

Hakuchemsha chai. Aliandika jina la Elifrida na la Amoni, akaandika kwamba tangazo limesomwa Jumapili tatu na hakuna aliyepinga, akaitafuta printa kwa njia ile ile ya kuuliza. Printa ikakohoa, ikatoa karatasi. Elifrida akainyakua ikiwa bado na joto, akakimbia huku ameshika gauni kwa mkono mmoja. Shangazi zake wakapiga vigelegele, Kosta ikaanza kuondoka.

"Simamisha! Simamisha!"

Watu wakageuka. Alikuwa Mzee Shemboza anateremka ngazi za kanisa bila kofia, kidau cha wino mkono mmoja, mhuri mkono mwingine. Barua bila mhuri ni karatasi ya kufungia karanga, na hilo halikubadilishwa na mfumo wowote. Kosta ikasimama. Akaitandaza barua juu ya ngazi ya mlangoni iliyokuwa inatetemeka, akagonga mhuri, akaipuliza ikauke.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Na ukifika..."

"Najua, baba. Chumvi."

Walimkuta mchungaji wa Korogwe akiwa na ufunguo mkononi, anafunga ofisi. Akaisoma barua amesimama mlangoni, akaikunja, akasema, "Kesho saa nne." Na Jumamosi ndoa ikafungwa.

Wiki iliyofuata fundi Mhando alirudi. Alikuja kwa kunyata, kwa sababu habari zilikuwa zimemfikia.

"Nisamehe, mzee. Nilifanya utani nikadhani utagundua mara moja. Ila leo nimekuja na ukweli. Mfumo wako wa zamani nimeupata mahali, mzima kabisa. Nikurudishie?"

Mzee Shemboza akafikiri. Hatuwezi kusema hakutamani.

"Acha," akasema. "Mimi na huyu mpya tumeshaonyeshana jiko. Bado ananipa habari za mvua nisizoziomba, na mimi bado namgusa mahali pasipofaa. Lakini kama una kazi ya kunifanyia, ile picha nitolee kwenye kioo, uichape kwenye karatasi nzuri."

Fundi akaichapa. Mzee akaitia kwenye fremu, akaitundika ukutani pamoja na picha za wachungaji waliostaafu, mahali ambapo vitu huheshimiwa na havidaiwi kazi.

Alikuwa bado yuko juu ya stuli, nyundo mkononi, simu ilipolia. Ilikuwa ya Elifrida.

"Vipi huko, mwanangu?"

"Baba, huku wanatia nazi katika kila kitu, hata maharage! Siku ya kwanza nilikaribia kusema kwetu hatufanyi hivi."

"Ukasema?"

"Sikusema. Niliuliza chumvi iko wapi."

"Wakakuonyesha?"

"Mama mkwe alinitazama, akacheka, akanipa ufunguo wa kabati."

Funzo: Jipya halitakufungulia mlango wakati umesimama mbele yake ukiitazama picha ya la zamani. Uliza chumvi iko wapi, kama unavyowaambia wengine waulize.