Vipindi vya Kijerumani vya Manka

Hii nilitumiwa na dada mmoja kwenye kundi la wazazi wa darasa la awali. Yeye naye alitumiwa. Aliyeiandika kwanza simjui, ila nimeisoma mara tatu na mara zote nimelazimika kuweka simu pembeni. Kama una mtoto mdogo nyumbani, au mzazi aliye mbali, soma hadi mstari wa mwisho kabla hujamtumia mwingine.

Moshi, mtaa wa Rau, aliishi Mjerumani aliyeitwa Detlef. Alikuja akiwa kijana kufunga pampu za maji vijijini, akampenda binti wa Kichaga aitwaye Aikande, akamwoa, akabaki. Kiswahili chake kilinyooka hadi wauza ndizi sokoni wakawa wanamtania kwamba alizaliwa Kibosho, akapauka njiani.

Walijaliwa mtoto mmoja wa kike, Manka.

Mama yake Detlef, Waltraud, aliishi peke yake katika mji mdogo huko Ujerumani. Alikuja Moshi mara moja tu, Manka alipozaliwa, akamlea wiki tatu. Aliporudi kwao alianguka akavunjika nyonga, kisha moyo ukaanza kumsumbua, na daktari akamkataza kupanda ndege. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Alikuwa na Kijerumani chake, na mjukuu mmoja tu duniani.

Siku walipoagana uwanja wa ndege alimshika mwanawe mkono. "Sikuombi kitu kingine," alimwambia. "Nataka siku moja huyu mtoto aniite Oma, na tuzungumze."

Oma ni bibi kwa Kijerumani. Detlef akaahidi.

Lakini nyumba ile ilikuwa ya Kiswahili. Detlef na mkewe walichumbiana kwa Kiswahili, waligombana kwa Kiswahili, walipatana kwa Kiswahili. Mara chache alipojaribu kumsemesha mwanawe Kijerumani, alijiona kama mtu anayeongea peke yake chumbani. Akaacha.

Manka alipofika miaka miwili, ile ahadi ikaanza kumkereketa baba yake. Akaamua kumtafutia mtoto vipindi vya Kijerumani.

Haikuwa kazi nyepesi. Tovuti ya kwanza aliyofungua ilimwandikia kwamba video hiyo haionyeshwi katika nchi aliyopo. Ya pili vilevile. Akamwita fundi wa dishi, naye akalizungusha juu ya bati tangu asubuhi hadi alasiri, na stesheni pekee ya Kijerumani waliyoipata ilikuwa ya mbio za magari. Familia moja ya wamisionari huko Machame iliyokuwa inarudi kwao ikampa sanduku la diski. Nusu yake zilikuwa zimekwaruzika.

Mwishowe rafiki yake wa zamani, mwalimu wa chekechea Ujerumani, akamtumia flashi iliyojaa vipindi. Alikuwa amevipanga kwa umri: hivi vya miaka miwili, hivi vya miaka mitatu, hivi ngoja kwanza. Humo mlikuwa na panya anayetengeneza saa. Mlikuwa na mama mwenye miwani anayeonyesha jinsi mkate unavyookwa. Mlikuwa na nyimbo za kunawa mikono na hadithi za kulalia.

Detlef alifurahi kama mtu aliyepata maji baada ya kuchimba mwezi mzima. Akanunua kishikwambi, akavitia vyote humo, akampa Manka.

Na Manka akavipenda. Kila siku baada ya uji alikaa mkekani, kishikwambi kimeegemezwa kwenye mto, akatazama kimya. Alicheka panapochekesha. Nyimbo zilipoimbwa alitikisa kichwa.

Siku moja Aikande alimwambia mumewe, "Baba Manka, kwa nini usimsemeshe wewe mwenyewe? Mimi hiyo lugha siijui."

"Kijerumani changu kimeota kutu," Detlef alijibu. "Nachanganya maneno. Hawa wa kwenye vipindi wanasema vizuri kuliko mimi. Waache wamfundishe."

Aikande hakubishana. Yeye si wa lugha hiyo, atajuaje?

Kila Jumapili Waltraud alipiga simu. Detlef alitoka nje kuipokea, kule nyuma kwenye tangi la maji, kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unakatika. Na kila Jumapili mama yake aliomba jambo lilelile.

"Nipe Manka nimsalimie. Dakika tano tu."

"Bado, mama. Hatakuelewa, na wewe utasikitika. Ngoja vipindi vifanye kazi."

"Hata asiponielewa si neno. Mimi nitamsemesha tu."

"Ngoja kidogo, mama. Nataka siku mtakapoongea, muongee kweli."

Mama akangoja. Manka akafika miaka mitatu, akafika minne, akafika mitano na nusu. Detlef alisafiri na pampu zake, Same wiki mbili, Mwanga wiki moja, na kila aliporudi aliongeza vipindi vya umri mkubwa zaidi. Aliuliza, "Anaelewa?" Aikande alijibu, "Anacheka. Nadhani anaelewa." Lakini hakuna aliyewahi kumsikia Manka akitamka neno hata moja la Kijerumani. Baba yake alijipa moyo kwamba litakuja siku moja, kama jino.

Kisha asubuhi moja ya Jumatano, siku isiyo ya simu, simu ikalia. Alikuwa muuguzi. Alisema Waltraud amelazwa, moyo umechoka, na anaomba kumwona mjukuu wake kwa video. Alisema wasikawie.

Detlef alifungua video kwenye kile kishikwambi, kwa kuwa kilikuwa na kioo kikubwa. Akauhamishia mkeka nyuma kwenye tangi, palipokuwa na mtandao, akamkalisha Manka juu yake. Uso wa Waltraud ukatokea, mweupe, mdogo, nywele zimechanwa vizuri. Alikuwa amemwomba muuguzi amchane.

Alimtazama mtoto muda mrefu. Kisha akasema kwa Kijerumani, taratibu, kila neno peke yake:

"Manka, mimi ni Oma. Hujambo, mwanangu?"

Manka akamtazama, akatabasamu. Hakujibu.

"Nimekufumia sweta ya njano. Imebaki mikono, sijui mikono yako imefika wapi. Nyoosha mkono mmoja nione."

Manka akatulia vilevile, macho yakiwa kwenye kioo, mikono mapajani.

"Mjibu Oma," Detlef akamwambia kwa Kiswahili. "Sema chochote."

Mtoto akamgeukia baba yake kama asiyeelewa anachotakiwa kufanya, kisha akarudisha macho kwa bibi.

Waltraud akajaribu tena. Akamuuliza ana miaka mingapi. Akamuuliza anapenda kula nini. Akamwimbia ubeti mmoja wa wimbo, pumzi ikamkatikia katikati. Manka akatikisa kichwa kwa mapigo ya wimbo, akangoja umalizike. Haukumalizika.

"Basi, Detlef," mama akasema hatimaye. "Usimlazimishe. Hanielewi, maskini. Si kosa lake."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwao. Siku ya tisa akafariki.

Detlef alikwenda kuzika peke yake. Aliporudi Moshi alikuwa na hasira. Jioni ya pili alikichukua kile kishikwambi akaanza kufuta vipindi kimoja kimoja. Panya wa saa, akafuta. Mama wa mkate, akafuta.

Aikande akamuuliza, "Sasa unamwadhibu nani?"

"Miaka mitatu na nusu," alisema. "Hakuokota hata salamu. Nimemngojesha mama yangu bure."

Manka alikuwa mlangoni. "Baba," alisema, "usimfute Oma."

"Oma hayumo humu, mwanangu. Oma amefariki. Tulikuambia."

"Nataka amalizie ule wimbo."

Detlef akaweka kishikwambi chini. "Wimbo gani?"

Manka akaimba. Aliimba ule ubeti wote kwa Kijerumani, akaishia pale pumzi ya bibi ilipokatikia. Kisha, kama mtoto anayesimulia kipindi alichokipenda, akasema maneno yote ya Waltraud tangu mwanzo. Mimi ni Oma. Nimekufumia sweta ya njano. Imebaki mikono. Hakuruka neno. Hata lafudhi ilikuwa ya kule, ya mji wa bibi yake.

Detlef akamsogelea mwanawe.

"Manka," Detlef aliuliza, sauti imepungua, "ulielewa alichokuwa anasema?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona basi hukumjibu?"

Mtoto akashangaa swali lenyewe. "Wale hawajibiwi, baba. Hawasikii. Nilipokuwa mdogo nilimwambia panya saa yake imeanguka, hakunisikia. Yule mama wa mkate huuliza, 'Mnaona, watoto?' Nilimwambia naona. Akaendelea tu. Wanaosema Kijerumani ndivyo walivyo. Wao husema, sisi tunasikiliza."

Detlef alitafuta katika kichwa chake siku moja, hata moja, ambayo mtoto huyu aliona mtu wa kweli, nje ya kioo, akiulizwa kwa Kijerumani na mwenzake akajibu. Hakuipata. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kuzungumza na mama yake nyuma ya tangi.

Alipiga magoti mbele ya Manka. "Oma alikuwa anakusikia," alimwambia. "Oma hakuwa kipindi. Alikuwa bibi yako, mama yangu mimi."

Manka akafikiri. "Alikuwa ananiona pia?"

"Alikuwa anakuona."

"Na alikuwa anasubiri nimjibu?"

Aikande ndiye aliyejibu: "Ndiyo, mama. Alikuwa anasubiri."

Mtoto akanyanyua kishikwambi kutoka sakafuni, akampa baba yake kwa mikono miwili.

"Basi mpigie tena," alisema. "Sasa hivi nitamjibu."

Ilibidi wamweleze upya kifo ni nini, kwamba si kama vipindi, ambavyo vikiisha leo hurudiwa kesho. Safari hii alielewa. Alilia hadi akapitiwa na usingizi miguuni mwa mama yake, na baba yake alilia naye bila kujificha.

Tangu kesho yake Detlef alianza kumsemesha Kijerumani kila asubuhi wakati wa uji. Kilikuwa Kijerumani chenye kutu kweli, maneno yakimpotea katikati, akisimama kuyatafuta. Aliuliza jambo moja, kisha alinyamaza akamtazama mwanawe usoni, akingoja. Manka naye alisikiliza, akanyamaza. Wiki nzima ikapita hivyo. Mtoto alishazoea kusikiliza tu.

Siku ya kumi na moja Detlef alimuuliza kama anataka maziwa zaidi kwenye uji. Akangoja kama kawaida, bila tamaa.

"Kidogo tu, baba," Manka alijibu kwa Kijerumani. "Jana ulizidisha."

Detlef akammiminia. Kisha akaweka jagi mezani, akainuka, akatoka uani. Aikande alimwona dirishani ameshika simu mkononi. Ilikuwa Jumapili, na hapakuwa na mtu wa kumpigia.

Funzo: Mtoto hajifunzi kuzungumza kwa anayesema vizuri, bali kwa anayemuuliza kisha akamsubiri ajibu. Na mzazi wako akiomba dakika tano na mjukuu wake, mpe leo hata kama hawataelewana, kwa maana mtoto anapokua, naye anayesubiri anazeeka.