Pete ya Nyumba ya Liwali

Hapo zamani, miji ilipokuwa na maliwali, na maliwali walipokuwa na njaa isiyoshibishwa na ushuru, Liwali Badru wa Kimbuuni alijenga nyumba ya wasafiri. Akaona walalao humo hulipa, lakini walalao makwao hawalipi kitu, na jambo hilo likamnyima usingizi. Basi akafulisha pete za shaba, akamtoa mpiga mbiu:

"Enyi watu! Ainunuaye pete hii kwa ng'ombe mmoja si mgeni tena katika nyumba ya Liwali. Ni mtu wa nyumbani, na Liwali ni baba yake. Atapewa chumba cha ghorofani, kikiwa kitupu. Atapewa mkate wa asubuhi, ukiwa umebaki."

Kitwana, maskini mwenye maneno mengi na ng'ombe mmoja, akaingiwa na tamaa, akamtoa ng'ombe, akarudi kwa mkewe na pete kidoleni.

"Maziwa yako wapi, mume wangu?" akauliza Mwanakheri.

"Yamegeuka heshima."

"Basi ikamue hiyo heshima, watoto wanywe."

Ikawa kila aendapo, chumba kimekaliwa na mkate umekwisha. Masika pete haikubaliwi, sikukuu haikubaliwi, na Ijumaa inapumzika. Kitwana akasema sokoni kwamba shaba ile haifai hata kuzibia tundu la mtungi. Maneno yakafika kwa Liwali, naye akamwita barazani.

"Umenikashifu, Kitwana. Kabla mwezi haujaandama, uipate thamani ya ng'ombe wako katika pete hiyo, mbele ya watu. Ukishindwa, wewe na mkeo na wanao mtauhama mji huu."

"Nami nikifaulu, bwana wangu?"

"Ukifaulu utakuwa umefaulu," akajibu Liwali, na watu wakacheka kwa adabu.

Kitwana akarudi kichwa kimemwinamia. Akauwaza mkate, akakiwaza chumba, akaona kote amefungiwa kwa masharti. Kisha akakumbuka kwamba ndani ya mbiu ile mlikuwamo ahadi moja ambayo Liwali, kwa kuiona haina gharama, hakuitia sharti lolote.

Kulipokucha akaketi mlangoni pa nyumba ya wasafiri, kanzu imefuliwa. Wakaja wachukuzi wa chumvi, miguu imevimba, wakauliza bei ya kulala.

"Astaghafiru! Tangu lini mgeni akalipishwa nyumbani kwa mtu? Karibuni, jamaa zangu, karibuni ndani!"

Akawapandisha ghorofani, akaamuru wachinjiwe mbuzi.

"Umerukwa na akili?" msimamizi akafoka.

"Fanya upesi, ndugu yangu. Wageni wakilala njaa, aibu ni ya baba yetu."

Msimamizi akakimbia kwa Liwali, naye Liwali akaja na askari, nusu ya mji ikimfuata.

"Nani amekuruhusu kukaribisha watu nyumbani mwangu?"

"Mbiu yako, baba. Ilinitangaza mtu wa nyumbani, nami sijaona nyumba ya watu waungwana ambamo mtu wa nyumbani hukatazwa kukaribisha mgeni."

"Yale yalikuwa maneno ya kuuzia tu!"

"Yaseme tena kwa sauti, baba. Wenzangu wa pete wako nyuma yako, hawakusikia vema."

Liwali akageuka, akaona vidole vinavyometameta, na kila kidole ni ng'ombe. Akajua kwamba akiyakana maneno yake atadaiwa zizi zima, na zizi hilo lilikwisha kuliwa katika harusi ya mwanawe. Akajilazimisha kucheka, na kicheko kikamtoka kama cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Kweli," akasema, "huyu ni mwanangu."

"Alhamdulillahi! Basi chakula kimepakuliwa, baba, na mila yetu waijua: mwenye nyumba ndiye awanawishaye wageni."

Liwali akalitazama birika, akawatazama watu, na watu wakamtazama yeye. Akalishika, akainama, akawamiminia maji wachukuzi wa chumvi mmoja mmoja, joho lake likiburuzika katika tope la miguu yao. Wa mwisho akawa Kitwana.

"Sema sasa," Liwali akamnong'oneza, meno yamekazana, "umeipata thamani ya ng'ombe wako?"

Kitwana akanyoosha mikono, akaisugua taratibu, kidole baada ya kidole.

"Umebaki mkia tu, baba. Mimina."