Injini ya Mlima Mbulumo

Paliondokea, wajukuu zangu, enzi ambazo chuma kilikuwa kikivuta pumzi. Treni ilikula makaa, ikanywa maji, ikatoa moshi. Mimi sikuwepo, nanyi hamkuwepo. Basi kaeni vizuri tuwafuate waliokuwepo.

Palikuwa na injinia wa reli, jina lake Lugembe. Alianza karakana akisugua kutu. Akasugua, akapanda cheo. Akafunga nati, akapanda cheo. Akapelekwa kusoma, akarudi injinia. Miaka mingi alitengeneza injini zilizoundwa na wengine, na moyoni alitaka jambo moja tu: kuunda ya kwake.

Siku moja mkuu wa reli akamwita. "Lugembe, mlima Mbulumo unatushinda. Mizigo inalala chini. Niundie injini ya kuupanda. Ikifaa, utaunda nyingine. Isipofaa, utarudi kwenye matengenezo mpaka ustaafu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkuu."

Akachora, akafuta, akachora tena. Akaunda injini yenye boila ndefu kuliko zote. Boila ni nini? Ni kama birika kubwa la chuma lililolazwa. Kwa nyuma mna tanuri la moto, na maji hulifunika tanuri hilo kwa juu lisiungue. Tuko pamoja? Haya.

Reli ile ilikuwa na desturi yake. Aliyeunda injini mpya husafiri ndani yake safari ya kwanza, amesimama na dereva motoni, wala haketi na wageni. Lugembe akapanda. Dereva alikuwa mzee Sizya, mtu wa maneno.

"Karibu jikoni, Injinia. Shati hilo jeupe umeliaga nyumbani?"

"Endesha, Mzee. Utani baadaye."

Wakapanda. Puu, puu, puu! Mabehewa yamejaa watu, na injini haichoki. Kileleni watu wakashangilia, mkuu wa reli akapunga kofia dirishani.

Wakaanza kushuka upande wa pili. Lugembe akatazama kioo cha kupimia maji. Kitupu!

Mnaona kilichotokea? Injini imeinama, maji yote yamekimbilia mbele ya boila ile ndefu. Tanuri huku nyuma limebaki wazi, linaungua.

"Maji yapo," alisema Sizya. "Tukifika bondeni yatarudi yenyewe. Ni pale tu, Injinia. Nani atajua?"

"Yatarudi juu ya chuma chekundu. Boila italipuka."

"Huenda isilipuke."

"Huenda."

Lugembe akageuka, akayatazama mabehewa. Watu walikuwa bado wanaimba.

"Funga breki. Mwaga moto."

"Hapa? Mbele ya wakubwa wote?"

"Hapa, Mzee."

Moto ukamwagwa relini, treni ikasimama katikati ya mteremko. Mkuu wa reli akaja kwa miguu, jasho linamtoka.

"Nini kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika, Mkuu. Nimeiunda vibaya. Niliwaza kupanda, sikuwaza kushuka."

"Unajua maana yake kwako?"

"Najua."

Ikaja injini kuukuu, ikawavuta. Ile mpya ikapelekwa nchi tambarare, ikabeba pamba miaka mingi bila kumdhuru mtu. Lugembe akarudi kwenye matengenezo. Hakuunda nyingine. Ila tangu hapo kila injini mpya, kabla ya kupewa abiria, ilipelekwa Mbulumo ikapandishwa na kushushwa ikiwa tupu. Hilo yeye ndiye aliyeliomba, akakubaliwa.

Fundisho lake, wajukuu, ni hili: ukijua umekosea, sema wakati bado unaweza kusimama. Usidhani ukisema utalipwa. Lugembe hakulipwa. Lakini watu wa mabehewa yale walikwenda kulala makwao.

Kisa changu kimeishia hapo. Kikiwa kitamu, laleni nacho. Kikiwa chapwa, nirudishieni nikitafune mwenyewe.