Kwa Nini Kengele ya Morsental Hulia Adhuhuri Mara Mbili

Zamani sana, kengele ya mji wa Morsental ilikuwa ikilia adhuhuri mara moja tu, watu wakaketi kula. Hakuna aliyefikiri kwamba adhuhuri inaweza kuwa zaidi ya moja.

Katika mji huo, kwenye nchi ya baridi huko Ulaya, aliishi mwalimu wa hesabu aitwaye Jobst Lindener. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Ursel, ambaye yeye baba alimfundisha kupima vivuli kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Ursel akakua, akaolewa na mfumaji wa mji wa mbali, upande wa mashariki, safari ya wiki tatu kwa gari la farasi.

Siku ya kuagana alimshika baba yake mikono. "Baba, kila adhuhuri, kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, simama uani unigeukie. Nami nitakugeukia wewe."

Kwa miaka sita Jobst hakukosa hata siku moja. Theluji ikianguka, alisimama uani ameelekea mashariki, na uso wake ulilainika kama wa mtu anayesikilizwa.

Kisha mwezi ukapatwa. Wote wawili walipima kwa saa ya mchanga, wakaandikiana. Jobst alikuwa amehesabu muda wa saa nane tangu adhuhuri hadi mwezi ulipofunikwa wote. Barua ya Ursel ilisema saa nane na nusu.

"Amekosea kugeuza mchanga," alijisemea. Lakini hakuwa amemfundisha kukosea. Akarudia hesabu, akarudia tena, mpaka kalamu ikamdondoka. Mwezi hufunikwa kwa watu wote wakati mmoja. Jua, kwa kuwa hutoka mashariki, huwafikia wa mashariki kwanza. Adhuhuri ya Ursel ilitangulia kwa nusu saa. Kila alipomgeukia, binti yake alikuwa amekwisha kuingia ndani. Miaka sita walikuwa wakipishana.

Macho ya Jobst yalikuwa yameanza kufifia kwa uzee. Nuru iliyobaki aliitumia kuandika jedwali: kwa kila siku ya mwaka, urefu wa kivuli nusu saa kabla ya adhuhuri. Akampelekea Veit, mpiga kengele.

"Nipige kabla ya wakati, Mwalimu?" Veit alicheka. "Watasema nimelewa! Tumbo langu linaijua adhuhuri kuliko jedwali lako."

"Tumbo lako lina adhuhuri nne kwa siku, Veit. Mimi naomba moja. Karibuni sitakiona kivuli."

Veit akaacha kucheka, akaipokea karatasi.

Kesho yake kengele ililia mapema. Watu wakakimbilia supu ambayo haijaiva, wakamtukana Veit mpaka akaziba masikio. Jobst alisimama uani akitokwa na machozi. Hatimaye, aliwaza, tunaonana.

Akamwandikia binti yake. Lakini barua ya Ursel ilikuwa tayari njiani, na ilipofika, macho ya Jobst yalikuwa yamekwisha. Veit akamsomea.

"Baba, nimesoma hesabu zako za mwezi, nikaliona kosa letu. Usijisumbue. Siku hizi mimi hungoja nusu saa zaidi, ili nisimame katika adhuhuri yako."

"Tumepishana tena," Jobst alisema.

Veit akaikunja barua taratibu. "Basi mwambie asimame zote mbili, nawe usimame zote mbili. Mimi nitapiga mbili. Kutukanwa nimeshazoea."

Na tangu siku hiyo kengele ya Morsental hulia adhuhuri mara mbili. Ikilia ya kwanza, mshonaji huweka sindano chini, mhunzi huweka nyundo, na kila mtu hutoka nje akageukia upande aliko mpendwa wake wa mbali. Ikilia ya pili, huenda kula. Kati ya kengele hizo mbili supu hupoa, lakini hakuna anayeingia ndani. Huenda huko mbali mtu bado amesimama.