Kwa Nini Mwenyeji wa Mwezini Hupumua Kwanza

Hapo kale, wajukuu zangu, mtu wa Duniani akishuka hapa Mwezini alivua kofia yake ya hewa mlangoni, akavuta pumzi, akauliza chakula kiko wapi. Hakuna aliyemchunguza mwenzake. Ndivyo nilivyosimuliwa, nami naamini nusu tu.

Kisha tukagombania barafu. Wao waliitaka yote. Sisi tukafunga mgodi, nao wakazuia mbegu. Mashamba yetu yakabaki matupu, watoto wakaanza kuvimba miguu kwa njaa. Ndipo Dunia ikamtuma Bi Mkamburi aje kuzungumza.

Chumba cha wageni kilikuwa katikati, kioo huku na kioo kule. Upande mmoja alisimama Bi Mkamburi, mlangoni mwa chombo chake, kofia kichwani. Upande wa pili Mzee Semboja, mkuu wetu.

"Hewa ya humo siijui," mgeni akasema kwenye kipaza sauti.

"Bibi, unatutukana kwetu!"

"Heri niwatukane nikiwa hai, Mzee."

Semboja alikasirika. Lakini wakigombana, mgeni angerudi Duniani, na mbegu zingerudi naye. Akamkumbuka bibi yake, aliyekuwa akionja uji mbele ya mgeni ili kutoa uchawi. Basi akaingia chumbani kichwa wazi, akakaa, akavuta pumzi ndefu huku akimtazama yule mwanamke kwa dharau.

Akaanguka.

Shekiondo, mdogo wake mwenyewe, mlinzi wa mabomba ya hewa, alikuwa ametia sumu chumbani. Alidhani mjumbe akifa, Dunia itatuogopa. Sasa alikuwa akipiga kioo kwa ngumi, analia jina la kaka yake, na watu wetu wanahangaika kutafuta barakoa.

Bi Mkamburi ndiye aliyeingia. Kwa kutotuamini, alikuwa amebeba mtungi wa pili wa hewa ya akiba. Akambana Semboja mdomoni kwa mpira wa mtungi huo, akamburuta hadi kwenye chombo. Mzee alipofumbua macho, waliongea hadi barafu ikagawanywa na mbegu zikashushwa.

Na tangu siku hiyo, mwenyeji hupumua kwanza, mgeni akimtazama. Naye mgeni huja na mitungi miwili, mmoja wa mwenyeji. Hatuwaamini, nao hawatuamini, na watoto wetu wanakula. Akija mtu na mtungi mmoja, hata acheke vipi, msimfungulie.