Nani Ataanua?

Wahenga waliujua vizuri moyo wa binadamu: akiona mkeka mpya wa mpita njia, huanza kuuona wake umechakaa.

Fundi cherehani aliishi na mumewe katika jengo la ghorofa. Juu ya paa zilifungwa kamba za wapangaji wote, na desturi ilikuwa moja: atakayeliona wingu kwanza, ataanua nguo za kila mtu. Huko ndiko walikojuana, wakitaniana huku vibanio vimewajaa mikononi.

Lakini fundi hakuwa na habari na paa. Wifi yake alikuwa mwanachama wa klabu ya watu wachache, ambayo mlango wake ulifunguka kwa kadi tu. Kila alipoiona kadi ile, wivu ulimtafuna kama mchwa ndani ya boriti. Siku wifi alipomwalika huko kwa Jumamosi, alitoka mbio kununua viatu vya kuendea. Wingu aliliona, akalipa kisogo. Nguo za jirani yake, Mama Pacha, zikalowa chapachapa.

Jumamosi ikafika. Fundi alianika gauni la bibi harusi aliyekuwa akifunga ndoa kesho yake, akaenda zake. Klabuni viti vilikuwa laini, na watu walisalimiana kwa kidevu.

"Wifi, unafaidi!" alisema, roho ikimuuma.

Mara radi ikapiga.

"Gauni la watu! Nimekwisha!"

"Si umpigie jirani?"

"Kwa uso gani? Zake niliziacha zilowe."

Wifi alicheka kicheko kikavu. "Mwenzangu una wa kumwonea haya. Mimi mwaka wa tatu hapa, hata jina langu hawalijui. Nililazwa, nikatoka, hakuna aliyeuliza. Nakuonea wivu kamba zako."

Fundi alirudi ametota. Mlangoni kwa Mama Pacha gauni lilining'inia, kavu.

"Bibi mkubwa wa klabu!" Mama Pacha alishika kiuno. "Huko hawana mwavuli?"

"Nisamehe, shoga yangu. Kwa nini umelianua?"

"Bibi harusi wa watu amenikosea nini? Ila wewe, mwezi mzima mawingu yote ni yako!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Jumamosi iliyofuata fundi alikuwa paani, macho mbinguni. Wifi yake naye alikuja na beseni la nguo mbichi kutoka kwake, akauliza kwa haya, "Kamba ipo ya mgeni?"

"Mgeni nani? Shika vibanio," Mama Pacha akamjibu.

Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.