Aliyeuzuia Ukuta wa Kibirikani

Hapo zamani, si zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya karani na muhuri, palikuwa na nyumba katika mtaa wa Kibirikani, ndani ya mji wa mawe. Kuta zake zilikuwa za matumbawe, unene wake dhiraa moja na shubiri. Mtaani hapakuwa na nyumba kongwe kuliko ile, nayo ilikuwa ya wakfu. Mwanamke aliyeijenga hakuwaachia ndugu zake. Aliandika: "Akae humu mtu mmoja na kizazi chake, yule atakayeizuia isianguke."

Mwenye nyumba wa mwisho alikufa bila mtoto. Chini alibaki mpangaji wake wa miaka thelathini, Bi Mishi, mjane.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Ukuta wa mbele ukafura, ukainamia kichochoro. Manispaa wakaleta barua: "Ni hatari. Uvunjwe."

Bi Mishi akatoa mkeka, akaketi barazani, chini ya ukuta wenyewe.

"Bibi, ondoka, utakufa!" wakasema wavunjaji.

"Basi mtanizika. Nyundo mnazo, majembe hamkosi."

Siku ya kwanza wavunjaji walikuja, wakamkuta, wakarudi. Siku ya pili walikuja, wakamkuta, wakarudi. Chakula alipelekewa hapo hapo, na mchanga wa ukuta ukamdondokea kwenye sahani.

Siku hiyo ya pili akaja Fundi Shekuwe. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasonya. "Saruji. Wameuziba pumzi." Maana jiwe la matumbawe hunywa maji na kuyatoa, lakini likipakwa saruji maji hubaki ndani na jiwe huoza. Akauegemeza ukuta kwa boriti saba. Akabandua saruji, akatoa mawe yaliyooza, akapanga mazima.

Sasa ilitakiwa chokaa, na chokaa nzuri hulowekwa shimoni miezi. Mtaa mzima ulikuwa na shimo moja tu lililoiva, nalo lilikuwa lake Fundi mwenyewe, alilolitunza miezi sita kwa ajili ya dari lake. Akalikomba lote. Usiku wa tano mvua ikanyesha, dari lake likaanguka.

Siku ya saba wavunjaji walikuja na askari wanne. Boriti moja ikalia. Kamanda wao akasema, "Mbebeni."

"Bibi, nyanyuka, boriti inapasuka!" Fundi alipiga kelele juu ya ngazi.

"Wewe piga lipu, mwanangu, acha maneno!"

Askari walikuwa wamekwisha kumshika kwapani alipotokea Twalha, msichana karani wa manispaa hiyo hiyo, anahema, kiatu kimoja hana. Siku tano alikuwa amejifungia stoo ya makaratasi. Mkononi alikuwa na hati ya wakfu yenye muhuri, akaisoma kwa sauti: "Nyumba hii haivunjwi madhali ukuta wake umesimama wima."

Kamanda akateremsha kamba ya timazi toka juu. Kamba ikashuka, ikagusa ukuta juu, ikagusa katikati, ikagusa chini. Wakaondoka na nyundo zao.

Kesho yake Mzee Famau, msimamizi wa wakfu, akafungua daftari. "Nataka jina moja, kabla ya laasiri. Nyumba isiyo na jina manispaa wataichukua."

Bi Mishi akasema, "Mimi. Wangevunja siku ya kwanza. Fundi angepaka lipu hewani?"

Fundi akasema, "Kuketi kunazuia watu, hakuzuii ukuta. Mikono yangu, chokaa yangu. Wanangu sasa wanalala kwa jirani."

Twalha akasema, "Ulikuwa umeshabebwa, bibi, miguu inaning'inia. Karatasi ndiyo iliyokushusha. Na mimi leo asubuhi nimefukuzwa kazi."

Mzee Famau akauliza, "Na saruji aliipaka nani?"

Fundi akatazama miguu yake. "Mimi. Miaka kumi iliyopita. Lakini nani alinikimbiza?"

"Harusi ya binti yangu ilikuwa Ijumaa!" Bi Mishi akawaka. "Ningengoja chokaa miezi sita, bwana harusi amesimama mlangoni?"

"Nilikwambia, bibi."

"Hukuniambia! Ulisema saruji ndiyo ya kisasa, ukajisifu na ukala pilau yangu."

"Na manispaa waliitwa na nani?" akauliza Mzee Famau.

Twalha akameza mate. "Niliandika mimi. Watoto wa chuo cha Kurani hupita chini ya ukuta ule kila asubuhi. Thelathini na wawili, niliwahesabu. Ningenyamaza?"

"Kumbe ni wewe!" Bi Mishi akajipiga kofi pajani. "Na chai yangu ukinywa!"

Bi Mishi akilikosa jina hana pa kwenda. Fundi akilikosa, wanawe hawana dari. Twalha akilikosa hana kazi wala chumba, maana chumba kilikuwa cha manispaa. Juu ya paa la msikiti mwadhini akaanza kukohoa, anasafisha koo. Mzee Famau akachovya kalamu.

Nyinyi mliokaa hapa, wino unakauka. Msiniambie "wote watatu": mwenye wakfu alisema mmoja, na mwadhini amekwisha kuweka mikono masikioni. Je, nani aliizuia nyumba ile isianguke?